Sista Celina na Breki ya Mkono

Mwaka wa 1956 serikali ilimchukua Runji, dereva wa zahanati ya misheni iliyokuwa upande wa Kiirua, akaendeshe malori ya askari huko Isiolo. Hakuulizwa kama anataka. Alikuja asubuhi moja kuaga, akamkabidhi Sista Celina ufunguo wa pikapu pamoja na kabari ya mti iliyochakaa pembe zote.

"Hii usiitupe," alisema. "Bila hii, hii gari haijui kusimama."

Celina Kiende hakuwa mtawa. Watu walimwita Sista kwa sababu ya gauni lake jeupe la uuguzi. Alikuwa mkunga wa zahanati ile kwa miaka kumi na mmoja, mama wa watoto watatu, mfupi, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde. Alizoea kupewa kazi za watu waliokuwa wametoweka, kwani miaka ile watu walitoweka wengi. Lakini gari hakuwahi kuligusa ila kwa kitambaa cha kulifutia.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya Waingereza ilipokuwa ikipigana na wapiganaji wa msituni. Kafyu, amri ya kutotoka nje, ilianza saa kumi na mbili jioni, na hata mchana mtu hakutoka kijiji kimoja kwenda kingine bila pasi ya serikali. Mama aliyeshikwa na uchungu baada ya kafyu alizalia pale pale alipo, kwa sababu jirani aliogopa kuvuka uzio kwenda kuita mtu. Gari la zahanati ndilo pekee lililokuwa na kibali cha kupita saa yoyote, na kibali kilidai dereva mwenye leseni. Sasa lilikaa bandani, na kuku wakaanza kutaga ndani yake.

Padri wa misheni alijua pikipiki tu. Aliandika barua tatu kuomba dereva mwingine, akajibiwa mara tatu kwamba madereva wanahitajika kwingine. Siku lilipokuja jibu la tatu, Celina alipiga hodi ofisini mwake.

"Padri, nitajifunza mimi."

Padri alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Wewe?"

"Mimi niko hapa usiku na mchana. Na hakuna atakayekuja kunichukua niendeshe lori la askari."

Padri akachukua karatasi aandike barua ya kumwombea kibali cha kujifunza.

Aliyemfundisha alikuwa Burale, Msomali wa mjini Meru, mtu mpana mwenye ndevu zilizotiwa hina, aliyekuwa na lori la kubeba ng'ombe na mizigo kati ya Isiolo, Meru na Maua. Mwanzoni hakutaka. Alianza kueleza kwamba mwanamke na usukani ni mambo mawili mbalimbali, lakini mkewe Ijabo, ambaye Celina alikuwa amemzalisha mara mbili, alimkata kauli kutoka jikoni.

"Siku ile ulipokuwa ukizunguka nyumba ukilia kama mbuzi aliyepotea, nani alikuwa ndani akifanya kazi?"

Burale akaenda kutafuta vibao vya L, vya gari la dereva anayejifunza.

Walijifunzia kwenye uwanja wa mnada siku ambazo hakukuwa na mnada. Ijabo alimshonea Celina mto wa kukalia, ukajazwa sufi mpaka ukawa mgumu kama tofali, maana bila mto huo Celina aliona usukani na mbingu tu. Wiki ya kwanza aliangusha uzio wa watu. Wiki ya tatu aliweza kupita katikati ya madebe mawili bila kuyagusa. Wiki ya sita Burale alisema, "Wallahi, wewe unaendesha kuliko shemeji yangu," na kwa Burale hiyo ilikuwa sifa kubwa, ijapokuwa shemeji yake alikuwa amepindua lori mara mbili.

Kitu kimoja tu kilimkera Celina. Breki ya mkono haikushika. Ukiivuta, ilipanda mpaka juu ikilialia, kisha gari likajiendea likitaka. Kila waliposimama, Burale alifungua mlango, akashuka na tumbo lake, akaweka kabari nyuma ya gurudumu.

"Kwa nini usiitengeneze?" Celina aliuliza.

"Breki ya mkono ni pambo, Sista. Ni ya kuonyesha polisi. Mimi nina miaka ishirini barabarani, sijaivuta mara kumi. Una kabari, una jiwe, una mtu wa kuruka chini."

"Na nikiwa peke yangu na mama mwenye uchungu huko nyuma, nani ataruka chini?"

Burale alikuna ndevu. Hilo hakuwa amelifikiria.

Kisha habari za mkaguzi zikawafikia. Miezi ile mtihani wa leseni ulifanywa Embu, na mkaguzi mwenyewe, Mzungu mmoja mrefu, alikuwa amejulikana mpaka Maua. Kila mtu alipelekwa kwenye kilima kile kile, akasimamishwa katikati, akaambiwa avute breki ya mkono, aondoe miguu yote miwili, kisha aondoke gari lisirudi nyuma hata unene wa kidole. Madereva waliokuwa wameendesha miaka kumi bila leseni walirudi Meru vichwa chini.

Ndipo Burale alipoingia chini ya gari. Alikaa huko muda wa kunywa kikombe cha chai, akakaza nati ya waya wa breki mizunguko miwili, akatoka akijipangusa. Walijaribu kwenye mteremko mdogo karibu na msikiti. Gari likasimama.

"Umeona?" alisema.

"Hukufungua gurudumu ukaangalia ndani?"

"Ndani kuna nini? Ni vumbi tu."

"Mtu akinijia na homa simfungi kitambaa kichwani nikamwambia nenda nyumbani. Namwangalia ulimi, namwangalia macho, namuuliza alikula nini."

"Gari si mtu, Sista. Tukichelewa kuomba pasi hatutaenda kabisa."

Basi wakaomba pasi. Ya Celina iliandikwa Embu, kwenda na kurudi, siku mbili. Ya Burale karani wa ofisi ya pasi aliiangalia haraka haraka, akagonga muhuri, akawaita waliokuwa nyuma yao.

Waliondoka Meru siku ya Alhamisi, kafyu ilipofunguliwa saa kumi na mbili. Mumewe Celina, Mwalimu Kiambi, alikuwa amelala mjini ili amsindikize. Alimpa viazi vitamu vilivyofungwa kwenye jani la mgomba, akamwambia dirishani, "Ukifaulu, rudi. Ukianguka, rudi pia." Celina akacheka, akatia gia, akaondoka na kibao cha L kikipigapiga kwenye bampa.

Barabara ya kuzunguka mlima siku zile ilikuwa ya udongo mwekundu, na haikukosa mto. Unashuka kona kwa kona, unavuka daraja la mbao, unapanda kona kwa kona, na kabla hujapumua unaanza kushuka tena. Celina aliendesha ameuma ulimi. Burale alishika dirisha kwa mkono mmoja na dashibodi kwa mwingine, akisoma dua chini kwa chini kila walipokaribia mto. Walipita Nkubu, wakapita Chuka ambako walisimamishwa na kupekuliwa, na saa nne wakavuka mto Thuci, mpaka wa Meru na Embu.

Ng'ambo ya daraja, mahali barabara ilipoanza kupanda, kulikuwa na kizuizi. Gogo lilikuwa limelazwa juu ya mapipa mawili, na pembeni kulikuwa na kibanda kilichozungushiwa mifuko ya mchanga. Askari saba walikuwa pale, wengine wa serikali na wengine gadi, raia waliopewa silaha kulinda vijiji. Mkubwa wao alikuwa Sajini Riungu, mtu mwembamba aliyesema kama anayehesabiwa maneno.

"Zima. Shukeni wote."

Celina alizima injini, akavuta breki ya mkono kwa nguvu zake zote, akashuka. Burale akashuka upande wake. Hakuna aliyekumbuka kabari.

Sajini alikuwa amekwisha kuzikunjua pasi zao iliposikika *tak* ndogo ndani ya gari, kama mtu aliyevunja kijiti. Gari likaanza kurudi nyuma. Halikwenda kasi. Liliondoka taratibu, kama mtu anayetoka mkutanoni asitake kuonekana.

"Simamisha!" alipiga kelele Sajini, na askari mmoja akalielekezea bunduki, kana kwamba lingetii amri.

Celina alikimbia akashika mlango, lakini gari lilikuwa limekata shauri. Lilikwenda hatua kumi na tano, likaacha barabara, likapanda ukingo wa nyasi, na kwa mkia wake likasukuma sufuria kubwa iliyokuwa juu ya mafiga matatu. Kisha likatulia lenyewe. Aliyekuwa akipika, gadi mzee aitwaye Mutembei, alikuwa amesimama kando na mwiko mkononi, akitazama githeri yake ya mahindi na maharagwe ikielekea mtoni.

Hakuna aliyeumia. Lakini askari wote saba walikuwa wakiitazama ile sufuria tupu.

"Ile ilikuwa chakula ya watu saba," alisema Sajini Riungu.

"Pole, Afande," alisema Celina.

"Tangu jana jioni hawajakula."

"Pole sana."

Sajini aliziangalia tena pasi, sasa kwa jicho la mtu mwenye njaa. Ya Celina ilikuwa sawa. Ya Burale aliisoma mara mbili. "Hapa imeandikwa Meru na Isiolo. Hakuna Embu."

Burale aliishika, akaisogeza machoni, akaona ni kweli. Karani alikuwa amenakili maneno ya pasi yake ya zamani.

"Nitapiga simu Embu waulize Meru," alisema Sajini. "Mpaka wajibu, wewe utakaa kule ndani ya mifuko. Usitoke. Na hii gari haitoki hapa ikiwa namna hii. Huko mbele ni kilima tupu. Ikirudi tena itaniulia watu."

"Na nani ataitengeneza?" Celina aliuliza. "Fundi umemfunga."

"Hajafungwa. Amekaa."

"Basi amekaa. Lakini kusema anaweza?"

Sajini alifikiri. Alitafuta amri inayokataza, hakuipata. "Kusema anaweza."

Ndivyo kazi ilivyoanza. Mtihani ulikuwa saa nane. Askari, kwa kunung'unika, waliisukuma pikapu mpaka mahali palipokuwa tambarare karibu na daraja. Celina alitoa mfuko wake wa kuzalishia, ambao hakwenda nao mbali kamwe, akavaa aproni juu ya gauni lake la safari, akafunga kitambaa kichwani. Kutoka kibandani, umbali wa hatua thelathini, kichwa cha Burale chenye ndevu za hina kilitokeza juu ya mifuko ya mchanga.

"Sista! Kwanza weka mawe kwa magurudumu ya mbele!"

"Nimeweka!"

"Legeza nati kabla ya kupandisha jeki!"

"Nani alikuambia sijalegeza?"

Nati moja ilikataa. Alisimama juu ya mpini wa spana kwa miguu yote miwili, akarukaruka. Askari wakaanza kusogea. Nati ilipoachia alianguka kwa makalio, akainuka bila kuwaangalia. Alipandisha jeki, akatoa gurudumu la kulia, akafungua skrubu mbili zilizoshika ngoma ya breki, lile bakuli la chuma linalofunika breki, akaivuta. Haikutoka.

"Igonge!" alipiga kelele Burale. "Zunguka ukigonga, usigonge mahali pamoja!"

Aliigonga kwa jiwe lililofungwa kitambaa, huku na huku, kama anayebembeleza. Ikatoka kwa ghafla, na Celina akachungulia ndani. Viatu viwili vya breki, vile vipande vinavyobana ngoma ili gari lisimame, ambavyo vilipaswa kuwa vikavu na vya kijivu, vilikuwa vyeusi na vinang'aa kama mandazi.

"Burale! Ndani kuna oili!"

Kichwa kilizama nyuma ya mifuko, kikarudi polepole. "Nyingi?"

"Ulisema ni vumbi tu!"

Askari walicheka, na hata Sajini aligeuka upande. Burale alikubali mbele ya bunduki saba kwamba alikuwa amekosea, kwamba alipaswa kufungua gurudumu siku ile ile, na akaomba Sista asimwambie Ijabo. Kisha akaeleza. Oili ilikuwa ikivuja kutoka kwenye ekseli kidogo kidogo. Kuzuia hakuwezekani pale njiani, lakini Sista akisafisha vizuri itachukua wiki kadhaa kurudi, na wakifika Meru yeye Burale atabadilisha mpira wa kuzuia oili, uliooza.

"Nisafishe na nini?"

"Petroli!"

Petroli iliyokuwemo ilikuwa ya kuwafikisha Embu na kurudi, na siku zile ilitolewa kwa kibali. Celina alifungua mfuko wake, akatoa chupa ya spiriti na mkunjo wa shashi ya kufungia vidonda. Alisugua vile viatu kama anavyosugua mikono kabla ya kazi, shashi baada ya shashi, mpaka shashi ya mwisho ikatoka nyeupe. Mzee Mutembei, ambaye mpaka hapo alikuwa akiokota mahindi yake moja moja kwenye nyasi, alikuja akasimama nyuma yake.

"Unatupa dawa ya watu kwa gari," alisema.

"Hii gari ndiyo itawaleta watu kwa dawa, Mzee."

Mutembei alifikiria jibu hilo, akaweka sufuria chini, akachuchumaa.

Alifungua na gurudumu la kushoto, akakuta upande huo ni mkavu. Burale alimwelekeza kwenye skrubu ya mraba iliyokuwa upande wa ndani wa kila gurudumu la nyuma, aikaze mpaka gurudumu ligome kuzunguka, kisha airudishe kidogo tu. Alifanya hivyo akisikiliza kwa sikio lililobanwa kwenye chuma, kama anayesikiliza tumbo la mama mjamzito. Akarudisha magurudumu, akashusha jeki, akaingia ndani kujaribu mkono wa breki. Waya ulikaza vizuri. Akavuta, ukashika. Akautikisa kidogo kwa kiwiko. *Tak*. Ukaanguka.

"Bado!" alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ikashuka.

Ilikuwa saa tano na nusu.

"Sista, sikiliza," Burale aliita. "Chini ya mkono kuna meno, kama ya msumeno. Na kuna kidole cha chuma kinachoingia kwenye meno. Angalia hicho kidole kikoje."

Alifungua bamba, akapiga magoti, akachungulia. Kidole kilikuwa kimelika mpaka ncha yake ikawa mviringo kama ya penseli ya mtoto wa darasa la kwanza. Na springi yake ndogo ilikuwa imelegea. Kila mkono ulipotikisika, kidole kiliteleza kutoka kwenye jino. Hata viatu vya breki vingekuwa vikavu namna gani, gari lingerudi nyuma.

"Kinataka tupa," alisema Burale. "Mimi yangu iko Meru, kwa lori."

Celina alikaa kitako kwenye kiti cha gari, mikono yake ikiwa myeusi mpaka kwenye viwiko. Aliziangalia kucha zake. Miaka kumi na mmoja hakuwahi kuziona hivyo.

Mzee Mutembei alikohoa. Aliingiza mkono ndani ya koti lake, akatoa tupa ndefu iliyofungwa kwa kigozi, ya kunolea panga.

"Mimi nanoa panga," alisema. "Hicho ni chuma. Chuma ni chuma."

Celina akakichomoa kidole kile, mzee akakibana kati ya mawe mawili, akaanza kunoa. Alinoa bila haraka, akipuliza, akijaribu ncha kwa ukucha, akinoa tena. Celina aliikata springi kizingo kimoja ili ipate nguvu. Kuirudisha mahali pake, katika tundu lisiloingia vidole viwili, alitumia koleo lake la kushikia mishipa ya damu. Springi ilimponyoka mara mbili, mara ya pili ikampiga askari aliyekuwa amesogea mno. Mara ya tatu ikaingia.

"Nimetoa watoto waliokaa vibaya kuliko wewe," aliiambia.

Kisha akasimama, akamwita Sajini Riungu. "Afande, tuipeleke pale pale kilimani."

Aliiendesha mpaka mahali ilipoponyokea, Sajini akiwa kando yake, maana hakuruhusiwa kuendesha hata hatua moja bila mtu. Akavuta mkono. Meno yalilia *kra-kra-kra*, yakanyamaza. Akazima, wakashuka. Mzee Mutembei alihamisha sufuria yake mbali kabisa. Sajini aliitikisa gari kwa bega. Akaita askari wawili, wakatikisa. Akawaita wote, wakashika bampa ya mbele, wakasukuma kuelekea mtoni mpaka viatu vyao vikachimba udongo.

Gari halikwenda popote.

"Haya," alisema Sajini. Na kwa mara ya kwanza uso wake ukakunjuka. "Haya, haya, haya."

Simu ya Embu ilikuwa imejibiwa kitambo. Burale alikuwa huru nusu saa nzima, lakini Sajini alikiri baadaye kwamba alimwacha pale kwa sababu kazi ilikuwa ikienda vizuri. Celina aligawa viazi vitamu vya Mwalimu Kiambi kwa askari wote saba, akabaki bila hata kimoja. Gogo likainuliwa.

Walifika Embu saa nane kasoro dakika kumi. Celina alinawa mikono kwenye bomba la soko kwa sabuni na mchanga, lakini kucha zilibaki nyeusi, na hilo lilimwaibisha kuliko wazo la kuanguka mtihani. Alipoandikisha jina, aliiachia fomu alama za vidole bila kuombwa.

Mkaguzi alimtazama, akatazama nyuma yake kuona dereva yuko wapi, akamtazama tena.

"Wewe?"

"Mimi."

Aliingia garini amekunja magoti mpaka kidevuni. Walizunguka mji, wakapita ofisi za serikali, wakapisha mikokoteni na mbuzi. Hakusema ila "kushoto" na "kulia". Kisha wakafika kwenye kilima. Katikati akainua mkono.

"Simama. Vuta. Toa miguu yote."

Celina alivuta, akatoa miguu. Mkaguzi alishuka, akaenda nyuma, akavua kofia yake ya jua, akaiweka chini karibu kabisa na gurudumu. Kisha akasimama kando ya barabara amekunja mikono. "Sasa kwenda."

Burale, aliyekuwa chini ya kilima na madereva wengine, alifumba macho. Celina alitia gia. Alipandisha mguu wa klachi polepole mpaka akasikia pua ya gari inainuka kidogo na injini inabadilisha sauti, akaachilia mkono. Pikapu ilipanda kama inayovutwa kwa kamba. Kofia ilibaki ilipokuwa, haina hata vumbi.

Mkaguzi aliiokota, akaigeuzageuza, akaivaa. Alimfuata juu kwa miguu, akitweta.

"Nani tengeneza breki hii?"

"Mimi, Bwana."

"Wewe? Wapi?"

"Thuci, Bwana. Leo asubuhi."

Hakuamini. Akamwuliza ilikuwa na ugonjwa gani. Celina akamweleza oili, viatu, waya, kidole kilicholika na springi iliyochoka, akimwonyesha kila kitu kwa kucha zake nyeusi, kama anavyomweleza daktari hali ya mgonjwa. Katikati ya maelezo mkaguzi alitoa kalamu akaanza kuandika, na alipomaliza alichana karatasi akampa. Alisema leo amekwisha kuangusha wanaume wanne kwenye kilima hiki. Halafu akaongeza, kwa Kiswahili chake, "Mimi nafurahi, mama," na akaonekana kushangaa mwenyewe.

Burale alimpokea chini ya kilima kwa kelele zilizowashtua mbuzi. Usiku huo walilala Embu, yeye kwa Wasomali wenzake, Celina kwa binamu yake. Kesho yake vibao vya L viling'olewa, na Celina akaendesha mpaka nyumbani.

Wiki tatu baadaye, mchana wa mvua, aliitwa kwenye kijiji kimoja cha juu, karibu na msitu. Gacheri, msichana wa miaka kumi na tisa, alikuwa na mimba yake ya kwanza, na uchungu ulikuwa umemshika tangu alfajiri. Celina alimlaza nyuma ya pikapu chini ya turubai, mama mkwe akakaa karibu naye, wakaanza safari. Nusu ya njia, mahali barabara ilipopanda kwa ukali zaidi kabla ya kushuka tena Kiirua, mama mkwe alipiga ukuta wa gari kwa ngumi. Mtoto alikuwa hataki kungoja zahanati.

Celina alisimamisha gari pale pale mlimani. Akavuta mkono, akasikiliza meno, akazima injini, akachukua mfuko wake akakimbia nyuma kwenye mvua.

Mama mkwe alikuwa amekumbatia ubao wa pembeni kwa mikono yote miwili, akitazama bonde lililokuwa nyuma yao. "Hii gari haitatuacha?" aliuliza kwa Kimeru.

"Haitakwenda popote," alisema Celina. "Achilia huo ubao, nishikie taa."

Mtoto alizaliwa baada ya nusu saa, wa kike, na sauti yake ikazidi mvua. Celina alimfunga kwa kanga, akamfuta mama yake uso, akakaa kidogo kwenye ukingo wa gari kupumzisha mgongo. Mvua ilikuwa ikipungua. Chini, upande wa Kiirua, jua lilikuwa limetoboa mahali pamoja, na mashamba ya ngano yalikuwa yakitoa mvuke.

"Sista," Gacheri alisema.

"Naam, mama."

"Sijawahi kupanda gari. Nimelala tu, sikuona kitu." Aliona haya, akaendelea. "Naweza kukaa mbele?"

Mama mkwe alianza kusema kwamba mzazi hakai mbele, kwamba mzazi analala. Celina alimpima Gacheri mapigo ya moyo, akamwangalia macho, akampima tena. Kisha akamshika mkono, akamteremsha polepole, akamkalisha mbele pamoja na mtoto wake, akawafunika kwa blanketi mpaka shingoni. Mama mkwe alibaki nyuma na mizigo, akinung'unika na kucheka kwa pamoja. Gacheri alipangusa kioo kwa kiganja ili aone vizuri, na gari likaanza kupanda.